Shahidi Asiyetengua Neno

Wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja. Mchi huu unapanda, ule unashuka, wala haigongani. Hawahesabu, hawatazamani. Mmoja anasikiliza mapigo ya mwenzake tu. Akiona amechelewa anaongeza mkono, akiona ametangulia anajizuia, mpaka mapigo yanakaa. Sasa nitegulieni: ni nani wa kusema kwamba yamekaa?

Inas binti Abdelghaffar alikuwa akipata mkate wake wa kila siku kwa kulitafuta jibu hilo. Alikuwa injinia wa chipu, katika ofisi iliyokuwa ghorofa ya nne, mtaa wa Nozha, pale Kairo. Ndani ya chipu moja, kitu kidogo kama punje ya dengu, alikuwa na watwangaji wake wawili. Wa kwanza ni kristali, kijiwe kinachopiga bila kukosea. Wa pili ni saa ya ndani, yenye mbio na wepesi, ambayo haina budi kumfuata kristali. Na pembeni yao ameketi wa tatu, asiyetwanga. Kazi yake ni kusikiliza na kusema, "Wamelingana." Huyo wahandisi walimwita shahidi.

Shahidi asipotamka neno, chipu nzima hubaki imelala. Akilitamka, kila kitu huamka na kufanya kazi kwa kuifuata saa ile. Na watwangaji wakipotezana, shahidi hana budi kulitengua neno lake papo hapo, chipu ilazwe tena, hesabu ianze sifuri. Bila hivyo kila kitu kitafuata mapigo ya uongo, na hakuna atakayejua.

Shida yote iko hapo: shahidi asikilize mapigo mangapi kabla ya kusadiki? Akisadiki upesi ni mjinga. Akichelewa, watu wanamngoja.

"Elfu moja na ishirini na nne," Inas alisema siku ile ya kikao cha ukaguzi, mwezi wa pili. "Mapigo elfu moja na ishirini na nne, mfululizo, bila kukosa hata moja. Na wakipotezana mara nane, neno linatenguliwa, tunarudi mwanzo."

"Kumi na sita yanatosha," alisema Nashat.

Watu walicheka. Walikuwa wamezoea. Nashat na Inas walikaa meza za kupakana kwa miaka saba, na hapakuwa na jambo ambalo hawakuligombania. Nashat alikuwa mtu wa maneno matamu, mrefu, mwenye upara ulioanza mapema. Mwenyewe alisema nywele zake zilikimbia hesabu za Inas.

"Wewe siku ya kiama," alimwambia, "malaika akikuita jina, utamwambia ahesabu kwanza."

"Na wewe utaitika kabla hujaitwa, uingie mlango usio wako."

Lakini mteja alikuwa na jaribio lake. Chipu itiwe kwenye oveni, ipashwe moto wa jangwani, kisha iamke kabla ya muda fulani kwisha. Chipu ya Inas ikiwa ya moto ilichelewa kuamka kwa upana wa unywele. Inas alisema dawa iko kwenye saa yenyewe: saa itiwe nguvu ya kufuata vizuri zaidi kwenye joto. Apewe wiki tatu. Nashat akasema wiki tatu hazipo. Mpunguzieni shahidi hesabu, mambo yaishe. Bi Tahani, mkubwa wa ofisi, mwanamke wa maneno machache aliyevaa miwani kwa kamba shingoni, alimpa Inas wiki zake tatu.

Wiki ya pili ikiwa katikati, mama yake Inas akafariki.

Hapo ndipo ilipotakiwa mtu ajue Nashat alikuwa nani kwake. Kila asubuhi ya miaka saba wawili hawa walisimama kwenye mkokoteni wa maharage, kona ya mtaa, wakila ful, maharage yale ya kupondwa, kwa mkate wa moto, taamia nne, vile vijikate vya maharage ya kukaanga, na kachumbari ya biringani. Sahani mbili, chumvi moja. Na kwa watu wa huko, mkishakula mkate na chumvi pamoja, basi mmekwisha kuwa ndugu. Anayemsaliti mtu aliyekula naye chumvi, hata mama yake mzazi humwonea haya. Kwa hiyo Inas alipokwenda msibani, alimwandikia Nashat neno lake la siri la kompyuta kwenye kipande cha karatasi. Hakuwa wa kwanza. Ofisini kwao ilikuwa desturi: mtu akiondoka, mwenziwe anabaki na ufunguo, kazi isilale. Kwenye karatasi za sheria ilikatazwa. Kwenye meza ilifanyika.

"Maliza ile saa kama tulivyopanga," alimwambia. "Shahidi usimguse."

"Dada yangu, wewe nenda kamlilie mama. Haya mengine niachie mimi."

Alimaliza kweli. Inas aliporudi baada ya arobaini alikuta chipu imekwisha kwenda kiwandani ng'ambo, imefaulu jaribio la oveni, na Nashat amemwekea kikombe cha chai ya nanaa mezani. Hakuifungua faili. Aliona haya kumkagua mtu aliyembebea mzigo wake siku za kilio.

*

Mwezi wa kumi mteja alirudisha chipu tano, ndani ya kijisanduku, kila moja imeandikwa namba kwa kalamu nyekundu. Zilikuwa zimefungwa kwenye mitambo ya kuendesha pampu za visima, mashamba ya oasisi ya huko magharibi, ambako adhuhuri chuma hakishikiki. Pampu zilitakiwa kufanya kazi dakika kadhaa, zipumzike, kisima kijae. Lakini mitambo ilipotea kwenye hesabu ya dakika. Pampu zikavuta mpaka kisima kikakauka, zikavuta hewa, zikaungua. Pampu tano, mashamba matano, mitende imesimama mikavu.

Bi Tahani alimwita Inas ofisini kwake. "Kisanduku hiki ni chako," alisema. "Saa ni yako, shahidi ni wako, faili ina jina lako. Kikao ni Alhamisi. Mteja anataka kusikia ni nani aliyekosea, na mimi pia nataka. Wewe ndiye niliyekuwekea chipu mpya ya magari, Inas, unajua. Lakini siwezi kumpa uongozi mtu aliyezima kengele ya hatari kwa mkono wake."

"Sikuzima."

"Basi niletee kilichozima."

Inas akashuka maabara. Huko alikuwako Ami Bayumi, fundi wa vipimo, mzee mwenye masharubu meupe, aliyekuwa akitia na kutoa chipu kwenye oveni kabla ya Inas kuhitimu chuo. Ami Bayumi hakusoma sana, lakini alijua kwa kunusa kama oveni imefika digrii tisini. Na hakuna siku aliyokuacha uende bila kitendawili.

"Tuanze na ipi, binti yangu?"

"Namba tatu. Na leo sina akili ya vitendawili, Ami."

"Kitendawili ni cha mwenye akili iliyochoka. Iliyopumzika haina haja."

Waliitia chipu kwenye oveni. Kwenye kioo cha mawimbi Inas aliweka mistari mitatu: wa juu kristali, wa kati saa ya ndani, wa chini neno la shahidi. Mstari wa chini ukiwa juu, shahidi anasema wamelingana. Ukiporomoka, anasema wamepotezana.

Joto likapanda. Sabini. Themanini. Ilipofika tisini na tano, ule mstari wa kati ukaanza kuyumba. Ukateleza taratibu, ukampita kristali, ukarudi, ukampita tena, kama mlevi anayemfuata mkewe nyumbani. Inas aliutazama mstari wa chini. Ulikuwa juu. Umenyooka. Hautikisiki.

"Huyu vipi?" alisema Ami Bayumi. "Haoni?"

Inas alinyoosha mkono, akauchomoa waya wa kristali kabisa. Mstari wa juu ukafa. Sasa mtwangaji alikuwa mmoja, hana wa kumfuata, anapiga ovyo hewani. Na shahidi bado alikuwa anasema: wamelingana.

Ami Bayumi alifuta masharubu. "Haya, tegua. Nina mlinzi mlangoni. Mwenye nyumba akiwemo, anasema yumo. Akitoka, anasema yumo. Nyumba ikiungua, anasema yumo. Ni nani?"

"Ni mlinzi aliyelipwa aseme hivyo," alisema Inas, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

Akaketi kwenye kompyuta ya maabara, akaiuliza chipu ilizaliwa na namba gani ndani. Chipu haina aibu, ukiiuliza hujibu. Shahidi: hesabu ya kusadiki, kumi na sita. Kutengua neno: kumefungwa. Akisema mara moja amesema daima. Kurudisha mwanzo wakipotezana: kumezimwa.

Kumi na sita.

Akafungua faili. Juu kabisa palikuwa na jina lake, na tarehe ya mabadiliko ya mwisho, tarehe kumi na tisa mwezi wa nne, saa sita na nusu mchana.

Aliisoma tarehe ile mara mbili, kisha akafunika uso kwa viganja. Tarehe kumi na tisa mwezi wa nne ilikuwa arobaini ya mama yake. Saa sita na nusu mchana alikuwa makaburini Basatin, anamwagilia maji kaburi, baba yake amemshika bega.

Na jioni ile Nashat alikuja nyumbani. Kumbukumbu hiyo ilimjia nzima nzima bila kuitwa. Alikuja baada ya swala ya alasiri, amebeba katoni ya maji na kilo za sukari. Alimbusu mzee kichwani. Akaketi kati ya wanaume akisikiliza Kurani, akala wali na nyama mezani kwao, na mkate, na chumvi. Alipoondoka, Inas mwenyewe alimpa kile kijitabu cha Yasin walichowachapishia waliohudhuria, chenye jina la marehemu kwenye jalada. Alikipokea kwa mikono miwili. "Mungu amrehemu," alisema. "Alikuwa mama yetu sote."

Mikono ile ile, masaa manne kabla, ilikuwa imemfunga mdomo shahidi.

*

Inas alimkuta Nashat kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, anashuka na simu sikioni. Nashat alimwona uso, akakata simu.

"Umefungua," alisema.

"Nimefungua."

"Nisikilize, Inas. Nisikilize kwanza." Akamvuta pembeni, penye dirisha. "Wiki zako tatu zilipita, mteja akatuongezea mwezi, sasa alikuwa anaondoka. Saa niliitengeneza kama ulivyotaka, lakini bado ilichelewa kwenye joto, kidogo tu, kidogo sana. Walitupa mwisho saa saba mchana. Nikasema nishushe hesabu, jaribio lipite, halafu kabla ya kiwanda nirudishe. Nikasahau. Wallahi nilisahau."

"Kumi na sita nakuelewa. Na kumfunga asitengue? Na kuzima kurudi mwanzo?"

"Alikuwa anatengua kila mara. Anasema, anatengua, anasema, anatengua. Jaribio lisingepita."

"Alikuwa anasema kweli, Nashat."

Nashat aliinamisha kichwa. Chini, kwenye kona ya mtaa, mwenye mkokoteni alikuwa anakwangua sufuria yake.

"Ungenipigia simu."

"Nikupigie ukiwa kaburini?"

"Ungeniambia nilipokupa kijitabu."

Nashat akamtazama, na macho yake yalikuwa yale yale ya miaka saba. "Alhamisi nitasema mwenyewe. Mbele ya wote. Usimwambie Bi Tahani leo. Niachie nilitoe kwa kinywa changu, niwe na uso kidogo. Nina watoto wawili shuleni, unajua. Nipe mpaka Alhamisi. Tumekula chumvi."

Inas alimpa mpaka Alhamisi.

Nyumbani baba yake, Mzee Abdelghaffar, alikuwa anachambua majani ya molokhia, mlenda wa kwao, kwenye sinia, kama alivyokuwa akifanya mkewe. Toka mkewe aondoke alikuwa amejitwalia kazi zake zote ndogo ndogo na kuzifanya vibaya.

"Nashat hajambo?" aliuliza.

"Hajambo, baba."

"Mwambie aje Ijumaa. Kijana yule ana adabu. Mwambie kuna molokhia na sungura."

"Nitamwambia."

"Mbona sauti imekauka?"

"Vumbi la maabara."

Mzee aliendelea kuchambua, akitupa majani mazuri na kubakiza vijiti.

*

Alhamisi Nashat alikuja na suti. Inas alipoiona akajua, ingawa moyo wake uliendelea kumtetea. Labda ameivaa kwa heshima ya kuungama. Watu huvaa vizuri wakienda kuomba msamaha.

Walikuwa sita kikaoni. Bi Tahani kwenye kichwa cha meza, mabwana wawili wa mteja, Inas, Nashat, na Ami Bayumi mlangoni na oveni yake ndogo ya magurudumu, maana mteja alitaka kuona kwa macho. Ami Bayumi aliipasha chipu, Inas akachomoa waya, na wote wakamwona shahidi anavyoendelea kusema yumo, yumo. Bwana mmoja wa mteja alitikisa kichwa. "Visima vyetu vitano," alisema, kama mtu anayewataja marehemu.

"Nani alimfunga?" aliuliza Bi Tahani.

Inas alimtazama Nashat. Nashat alikohoa, akawasha picha ukutani. Ilikuwa ile faili.

"Mimi ndiye niliyepewa kufuatilia," alisema, "na ninasikitika sana kusema hili, maana Inas ni dada yangu. Lakini faili ina jina lake na tarehe. Tarehe kumi na tisa mwezi wa nne. Mnajua kipindi kile alikuwa na msiba. Mtu mwenye msiba anaweza kufanya jambo na asikumbuke. Mimi nisingependa alaumiwe. Ningeomba achukuliwe kama mgonjwa."

Hakumtazama aliposema. Aliutazama ukuta.

Inas alihisi kama amekanyaga ngazi isiyokuwepo. Hakuwa na hasira bado. Hasira ingekuja baadaye. Alichohisi ni mshangao, wa mtu aliyetia mkono kwenye mfuko wake mwenyewe akakuta mkono wa mwingine. Angeweza kusema mengi. Alisema moja tu.

"Nashat, siku hiyo nilikuwa wapi?"

"Nitajuaje, Inas?"

"Ilikuwa arobaini ya mama. Ulikuja nyumbani. Uliketi na baba."

Nashat alipanguza kioo cha saa yake kwa kidole gumba. Ungeweza kuhesabu mapigo.

"Sikumbuki," alisema.

Basi. Kumi na sita alikuwa amekwisha kumsamehe, pale pale kwenye ngazi, bila kujua. Hata jina lake juu ya faili angelisamehe, baada ya miaka. Lakini siku ya arobaini ya mama yake, watu wamejaa, na mtu aliyekula wali ule aseme hakumbuki?

Inas alisimama akatoka. Nyuma yake alisikia bwana mmoja wa mteja anasema kwa huruma, "Mwacheni alie." Hakwenda kulia. Alikwenda mezani kwa Nashat. Kilikuwa pale pale, kimeegemea kompyuta, mahali kilipokaa toka mwezi wa nne, kila mtu wa ghorofa ile akikiona na kusema Nashat ni mtu wa dini: kijitabu cha kijani cha Yasin. Alikichukua, akarudi, akakiweka mbele yake juu ya meza, kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

Kwenye jalada iliandikwa: *Sadaka ya roho ya marehemu Bi Fikriya, arobaini yake, tarehe 19 Aprili.*

Bi Tahani alivaa miwani. Alikisoma kijitabu, akakisoma tena. "Hivi viligawanywa wapi?"

"Nyumbani kwetu, jioni ya siku ile, tuliporudi makaburini, kwa waliokuja. Vilichapwa hamsini, havikubaki."

"Mimi ninacho," alisema Ami Bayumi mlangoni, na hakuwa na kitendawili siku hiyo. "Nilikalia kiti cha pili kutoka kwa Injinia Nashat. Tulirudi na gari moja. Njiani alilalamika kwamba nyama ilikuwa na mafuta."

Upara wa Nashat ulikuwa umetoa jasho, na kiyoyozi kinavuma.

"Neno la siri la Inas alikuwa nalo nani?" aliuliza Bi Tahani, na kwa jinsi alivyouliza hapakuwa na haja ya kujibu. Alivua miwani, ikaning'inia. "Injinia Nashat, toka nje uningoje. Injinia Inas, na wewe utapata barua ya onyo. Ufunguo wa nyumba haugawiwi, hata kwa ndugu."

"Ndiyo, bibi."

"Chipu ya magari ni yako. Nenda katengeneze hii kwanza."

Alisema ndiyo tena. Mtu angedhani atafurahi.

*

Inas alimtengeneza shahidi kwa wiki mbili. Alimrudishia hesabu yake, elfu moja na ishirini na nne. Alimrudishia haki ya kutengua. Mara nane wakipotezana, chipu inalala, inaanza sifuri, haijali aibu wala haraka. Safari hii aliipa saa nayo nguvu ya kutosha, akaisimamia mwenyewe mpaka iliposhika kwenye moto wa digrii mia. Ami Bayumi alimchomolea waya wa kristali, na mstari wa chini ukaporomoka papo hapo.

"Mashaallah," alisema mzee. "Huyu sasa ungemwozesha bintiyo."

Nashat hakufukuzwa. Alihamishiwa ofisi ya jengo la pili, kuandika vitabu vya maelezo. Meza ya pembeni ya Inas ilibaki tupu, na watu wakaanza kuweka maboksi juu yake.

Jumapili moja asubuhi, maana huko wiki ya kazi huanza Jumapili, Inas alikuwa kwenye mkokoteni, amesimama. Mwenye mkokoteni, mtu wa mazoea, alikuwa amekwisha pakua sahani mbili, maana kwake miaka saba haifutwi kwa mwezi mmoja. Akazitanguliza zote mbili, akamimina mafuta na ndimu. Inas alipoinua macho, Nashat alikuwa upande wa pili wa mkokoteni, hana suti, amekonda.

"Sabahu-l-heri," alisema.

"Sabahu-n-nuri."

"Nimekuja kukuomba radhi, Inas. Si ofisini. Hapa."

Inas alimega mkate.

"Niliogopa," alisema Nashat. "Niliposema lile neno la kwanza, sikuweza kulirudisha. Kila lililofuata lilikuja lenyewe."

"Najua."

"Mzee hajambo?"

"Anakuuliza kila Ijumaa. Nimemwambia umehamishwa."

Inas alimtazama, akaona kwamba ni kweli anajuta. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angekuwa mwongo mtupu, ingekuwa rahisi.

"Turudi tulipokuwa," alisema Nashat. "Niambie tu nifanye nini."

"Tulipokuwa haturudi. Ikipotea inaanza sifuri, unajua kazi yenyewe."

"Basi sifuri." Alijaribu kutabasamu, lile tabasamu lake la ugomvi. "Mapigo elfu moja na ishirini na nne?"

"Mfululizo. Bila kukosa hata moja."

"Umekwisha anza kuhesabu?"

Inas alikunja mkate juu ya maharage, akatia chumvi kwenye sahani yake peke yake. Ami Bayumi alikuwa anavuka barabara, bakora kwapani, anaelekea kazini. Inas akamwita kwa mkono, akaisukuma ile sahani ya pili upande wa mzee huyo.

"Bado," alisema.